Shahidi Aliyenivunjia Harusi

Watu wa Temeke wanaomkumbuka Revelian Kamugisha husifu upole wake. Waache wasifu. Mimi namkumbuka kwa kuwa alinivunjia harusi siku nane kabla ya kufungwa, mbele ya padri na mbele ya baba yangu.

Ulikuwa mwaka 1951. Mchumba wangu aliitwa Projestus, karani mkuu wa bohari moja ya katani kando ya barabara ya Pugu, suruali imenyooka, sauti nene kwenye kwaya. Baba, askari mstaafu aliyeondoka Bukoba kabla mimi sijazaliwa, aliposikia kijana ni wa kwao na anakomunika kila Jumapili, hakuuliza neno la pili. Ndivyo tulivyokuwa sisi watu wa bara huku pwani: mtu akisema lugha yenu na akijua kufanya ishara ya msalaba, basi ni ndugu. Nami nilikuwa nimekwisha kumpenda, nisijisingizie.

Revelian alikuwa rafiki yake. Mwembamba, mkimya, na kila alichokuwa nacho mjini alikipata kwa Projestus: kazi ya kupanga marobota ya katani boharini, na kitanda katika chumba walichopanga kwa Mzee Mwishehe, Mzaramo mshona kofia.

Shida ilikuwa barua. Kanisa halikumfungisha ndoa mgeni bila barua ya padri wa kwao kwamba hana mke, na barua ya Bukoba ilipita reli mpaka Mwanza, kisha meli ya ziwani, wiki tano au sita kwenda na kurudi. Kwaresima ilikuwa inabisha hodi, na ndani ya Kwaresima harusi hakuna. Projestus akaomba njia ya mkato: watu wawili wa kwao waape kwa Injili kwamba hana mke. Padri akakubali. Wa kwanza angekuwa Albano, mwimbaji mwenzake wa kwaya. Wa pili Revelian.

Yaliyotokea chumbani mwao alinisimulia Revelian mwenyewe baadaye. Alimwambia Projestus, "Kaka, lakini una Kokushubila."

Projestus akacheka. "Kokushubila yuko Bukoba. Wewe uko hapa, unakula kwangu. Sema maneno mawili tu, maisha yaendelee."

Alipoona mwenzake hacheki naye, akaacha. "Ukinigeuka, Jumatatu usikanyage bohari. Na kitanda changu uniachie."

Enzi ile ya Mwingereza, kijana wa bara asiye na kazi aliweza kukamatwa njiani, akapandishwa treni na kurudishwa kwao. Revelian alilijua hilo vizuri. Alikwenda kwa Albano, Albano akamwambia marafiki ni kufichiana. Kila asubuhi kabla ya kazi alipitia kanisani, akapiga magoti, akamwomba Mungu amwonyeshe pa kutokea. Hakuonyeshwa kitu. Chakula kikamshinda. Mwishowe akamweleza Mzee Mwishehe, aliyekuwa barazani na sindano yake.

"Kijana, mie si wa dini yako," alisema mzee. "Lakini mtu anayekutaka uape uongo kwa kitabu cha Mungu, huyo anakupenda kwa lipi?"

Jumamosi asubuhi tukakutana ofisini kwa padri. Albano aliapa haraka haraka, macho chini. Ikaja zamu ya Revelian. Akaweka mkono juu ya Injili. Projestus akakohoa. Baba akajigeuza kitini.

"Ehe?" akasema padri.

"Siwezi, Padri."

"Huwezi nini?"

"Kuapa. Ana mke wa ndoa ya kanisani, anaitwa Kokushubila. Siku ya harusi yao mimi ndiye niliyewamiminia wageni pombe ya ndizi."

Projestus akapaza sauti kwamba ni wivu, kwamba Revelian ananitaka mwenyewe. Nilimwamini. Nilimzaba Revelian kofi palepale, padri akiangalia. Hata shavu hakulishika. Padri akafunga kitabu, akasema ndoa haifungwi mpaka barua ije.

Siku ileile sanduku la bati la Revelian lilitupwa uani, na Jumatatu bohari ikamfukuza. Mzee Mwishehe aliliokota sanduku, akaliingiza chumba cha mbele, akamfundisha kushona kofia ili askari wakimuuliza aseme ana kazi. Mkristo wa Bukoba anadarizi kofia za Waislamu! Tulimcheka sana. Kanisani hakuna aliyekaa naye benchi moja, na mimi ndiye niliyekuwa mbele yao wote. Kila nilipopita karibu yake nilimsonya.

Barua ilikuja baada ya Pasaka. Padri alituita, akatusomea: ndoa ilifungwa mwaka 1947, mke yu hai, watoto wawili. Projestus alikuwa amekwisha kuhama mji bila kuaga.

Nilikwenda kwa Mzee Mwishehe peke yangu. Revelian alikuwa mkekani, kofia mkononi, mzee kando yake. Nilikuwa nimepanga maneno ya kuomba radhi, yakanitoka mengine.

"Na kama barua ingepotea njiani?"

Akafikiri kidogo. "Ningebaki mwongo, dada. Mngenisonya mpaka nife. Lakini wewe ungebaki kwenu, si kwa mume wa mtu."

"Hukuogopa?"

"Niliogopa mno. Nilimwambia Mungu, nikilala nje ni juu yako."

Niliketi kwenye mkeka ule nikalia mbele yao wote wawili, bila aibu. Hakuna mtu aliyewahi kuteseka hivyo kwa ajili yangu, na muda wote ule mimi nilikuwa namsonya.