Bia nusu bei siku ya mnada: kilichompata shemeji yangu Igawa, na swali kwa wanaojua sheria

Saa tisa na dakika kumi alasiri, siku ya mnada, mimi na shemeji yangu tuliingia baa moja pale Igawa.

Wakuu, salaam. Niliyoyaona nitayasema kama nilivyoyaona. Nisiyoyaona nitataja aliyeniambia.

Shemeji tumwite Masele. Ni Msukuma, wazazi wake walihamia Usangu na ng'ombe wao yeye akiwa mdogo. Alimuoa dada yangu, Semeni. Sisi ni Wahehe wa Iringa. Mimi ni fundi wa pampu za maji, nakaa Mlandege, Iringa mjini, na siku hiyo nilikuwa nimemaliza kazi kwenye mashamba ya mpunga ya jirani.

Zamani Masele alikunywa vibaya. Siku za mnada ndiyo balaa, maana ukiuza ng'ombe kila mtu anakununulia ili na wewe umnunulie.

Wakakaa yeye na dada, wakaweka utaratibu. Akiuza, hela yote anamkabidhi mkewe palepale mnadani. Mkewe anamrudishia elfu tano. Bia ni elfu mbili mia tano, kwa hiyo hela hiyo inatosha chupa mbili tu. Kununuliwa na mtu ni marufuku. Na akirudi na chenji, maana yake kuna mtu kamnunulia, hapo ataulizwa.

Unaweza kucheka, lakini utaratibu huo uliwashika kwa miaka. Wamejenga, watoto wanasoma.

Sasa siku ile mlangoni palikuwa na bango jipya. Bia zote nusu bei, mwisho saa kumi na mbili jioni. Watu wametoka mnadani na hela mbichi, baa imejaa.

Masele akaagiza mbili zake, akatoa elfu tano. Mhudumu akaleta bia na chenji.

"Dada, umekosea hesabu."

"Sijakosea, baba. Leo offer. Nikuongezee mbili?"

Masele akaniangalia. "Shemeji, nikirudi na chenji dada yako si atasema nimenunuliwa?"

"Mwambie ni promo."

"Promo! Unamjua dada yako kweli wewe? Nyie Wahehe hata soda mnainywa kwa hasira."

Tukacheka. Mimi situmii kilevi, nilikuwa kweli na soda mkononi. Nikamwambia chenji nitampelekea dada mimi mwenyewe na kumweleza. Akasema, "Acha, mzee. Haya ni mambo ya mimi na mke wangu."

Basi la Iringa likafika, nikaondoka. Nilimuacha na chupa ya pili, chenji iko mezani.

Yanayofuata niliambiwa na mhudumu msibani, huku analia.

Anasema Masele alikaa na ile chenji muda mrefu, kisha akaagiza mbili nyingine. Mhudumu akamshauri azibebe. Akajibu kwamba mama watoto hataki chupa nyumbani. Akazinywa haraka, kwa sababu mkewe alikuwa anamsubiri ng'ambo ya barabara kuu.

Alikuwa na mitamba wawili waliokosa mnunuzi mnadani, alikuwa amewafunga nje ya baa. Dada yangu anasema alimuona anakuja nao, anaimba. Mtamba mmoja akachomoka akaingia barabarani. Masele akamfuata bila kuangalia.

Mtamba alivuka.

Dereva wa lori alisimama. Simlaumu, hakuwa na pa kukwepea.

Simu ilinikuta Makambako. Nikashuka, nikapata gari la kurudi. Tulimpeleka hospitali Mbeya mjini, hakuiona asubuhi.

Wakuu, mtu huyu hakuvunja sheria ya nyumbani kwake. Hela ni ileile, hakununuliwa na mtu, hakurudi na chenji. Aliifuata mpaka mwisho.

Baada ya matanga nilikwenda halmashauri kuuliza. Nilikutana na afisa mmoja mstaarabu. Akanieleza kuwa leseni inampangia muuzaji saa za kufungua na kufunga, lakini bei anapanga mwenyewe.

Nikamuuliza, "Hata akigawa bure?"

Akaweka kalamu chini. "Mzee wangu, hilo sijawahi kuulizwa."

Sheria sijaisomea darasani, nasoma mwenyewe jioni, kwa hiyo mnaoijua nisahihisheni. Sitaki baa zifungwe. Ninachosema ni kwamba bei ya pombe ni kama breki. Kuna nyumba nyingi ambazo breki yao ni hiyo tu, na mtu wa matangazo anaikata bila kujua nani yuko kwenye mteremko. Viroba, ile pombe kali ya vifuko, serikali iliweza kuvizuia. Kwa nini isipige marufuku nusu bei, hasa siku za mnada na mishahara?

Wenye baa nao waje, nitawasikiliza. Ila naomba kwanza mnisaidie jibu la dada. Juzi alikuja Mlandege, akaiacha chai ikapoa, halafu akaniuliza, "Kaka, mimi nilimpa hela ileile ya siku zote. Nilikosea wapi?"

Nilimwambia hakukosea. Hakuniamini.

Karibuni kwa maoni. Na kwa wale wanaosema promo inamsaidia mwananchi wa kipato cha chini, nimepiga hesabu ya zile bia nne: siku ile shemeji yangu aliokoa shilingi elfu tano.