Nukta za Mzee Ndungu

Ukifika Yamumbi uliza Baba Wahu, fundi wa shafti. Jina lake ni Mzee Ndungu. Miaka thelathini na moja amekereza vyuma kwa karakana moja tu hapa Eldoret. Mimi nimechomelea kando yake miaka sita, kwa hivyo hii sijaambiwa na mtu.

Posho mill, mashine ya kusaga mahindi, ikivunja shafti, kile chuma kinaizungusha, hata ni ya huko Ainabkoi, wanamletea ile imevunjika. Anakata kibati cha umbo lake, anaandika jina la mwenyewe, anatundika kwa ukuta. Halafu anapiga nukta na msumari. Nukta moja, tundu la puli, lile gurudumu la mkanda, limelegea kidogo, kwa hivyo ongeza shafti unene wa karatasi ya gazeti. Mbili, ongeza ya kalenda. Vibati vilipita mia tatu, na hakuna mtu aliwahi kumuuliza hizo nukta ni za nini.

Mwaka jana Kigen, mwenye karakana, akaleta CNC, mashine ya kukereza inayoendeshwa na kompyuta. Huyu Kigen alifunzwa kazi na huyo huyo Mzee. Akamshika bega mbele yetu wote.

"Mzee, wewe ndio wa kwanza kuiendesha. Wewe tupatie vibati tu, Dennis aviingize ndani."

Mzee akaenda akanunua miwani ya kusomea skrini. Yake mwenyewe, hakuambiwa.

Dennis alikuwa ametoka college juzi. Si mtu mbaya, mdomo tu. Akipima vibati anatupigia stori: ati huko Marekani, zamani, kabla kompyuta iwe kitu, walirekodi mikono ya fundi kwa tepu, halafu mashine ikarudia kila kitu amefanya. Baadaye wakatumia karatasi imetobolewa mashimo.

"Na fundi mwenyewe alienda wapi?" Mzee akauliza.

"Hiyo hawakutufunza, Mzee."

Tulicheka. Mzee ndiye alicheka sana.

Vibati vikaisha kuingizwa. Mzee akapewa kazi ya kufagia vyuma vilivyokatwa. Akiuliza zamu yake, Kigen anasema wiki ijayo. Miwani inakaa tu kwa mfuko.

Halafu shafti zikaanza kurudi. Mama Cherono wa Ainabkoi akaingia na yake mkononi, akaiangusha kwa meza, paa!

"Hii inatingisha mill kama gari ya shamba! Watu wamepanga laini na mahindi yao. Ndungu ako wapi?"

"Mama, kipimo ni sawa na kibati," Dennis akasema.

"Basi ukasagie kibati!"

Mzee alikuwa hapo na ufagio. Alijua shida ni nini, akaendelea kufagia. Kigen akamfuata, sauti chini.

"Mzee, hizo nukta ni za nini?"

"Nifunze mashine kwanza."

"Nakuapia. Jumatatu asubuhi unakaa kwa kiti cha mashine. Hawa wote ni mashahidi."

Nikamvuta kando. "Mzee, usiseme kitu. Hizo nukta ndio kazi yako imebaki."

"Kigen nimemshikisha chuma akiwa na miaka kumi na nne," akaniambia. "Hawezi kunigeuka. Na huyu mama anangoja."

Akasema zote. Siku mbili nzima, kibati kwa kibati, anasoma na ile miwani, Dennis anaandika. Shafti ya Mama Cherono ikatoka, ikaingia kwa puli bila kucheza hata kidogo. Mzee mwenyewe akampigia Kigen makofi.

Jumatatu alikuja amevaa shati ya kanisa. Collins, askari wa gate, hakufungua.

"Mzee, nisamehe. Nimeambiwa wewe umepumzishwa."

"Nani amesema?"

"Kigen. Akasema pia usipigiwe simu."

Nilitoka ndani na nyundo mkononi, naita jina la Kigen, na matusi siwezi kuandika hapa. Kigen akatokea kwa dirisha la ofisi, akaangalia, akafunga pazia. Jamaa alifunga pazia!

Mzee akanishika mkono kupitia vyuma vya gate.

"Uko na mtoto mchanga. Rudi ndani."

"Mzee, wacha niongee na yeye!"

"Rudi, nimesema. Usifukuzwe kwa sababu yangu."

Na mimi, na huu mdomo wangu wote, nikarudi. Nikavaa mask nikawasha welding. Nilipoinua kichwa, Collins alikuwa amesimama peke yake kwa gate.