Nilimwambia Baba Mkwe Nipo Rhotia

Mhariri, nakuomba jina langu ulifiche. Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na mbili, mzaliwa wa Moshi, naendesha gari la watalii na naishi Karatu. Nimeoa binti wa Kiiraqw kutoka Mbulumbulu. Mke wangu ananipenda, wakwe zangu wananiheshimu, na hiyo heshima ndiyo inayonitesa, kwa sababu siistahili.

Tangu simu za mkononi ziingie huku kwetu nina mazoea ya kusema nipo mahali ambapo sijafika. Ofisini wakinipigia nasema nipo getini, kumbe bado nakunywa chai. Mke wangu akiuliza nasema napanda mlima, kumbe hata gari sijawasha. Madereva karibu wote tunaongea hivyo, na anayeuliza naye anajua kupunguza anachoambiwa. Mke wangu alikuwa akicheka, anasema, "Wewe ukisema umefika, ndiyo kwanza nabandika maji ya ugali." Sikuwahi kuona kama ni uongo. Niliona ni namna ya kumtuliza mtu.

Mwaka jana mke wangu alikuwa na mimba yetu ya kwanza, akaenda kwao kusubiri kujifungua karibu na mama yake. Siku hiyo nilikuwa nimewashusha wageni Arusha, narudi na gari tupu. Mto wa Mbu nikakutana na madereva wenzangu, tukaagiza nyama choma. Mara baba mkwe akapiga. Nilimsikia kwa shida, upepo unavuma, maana kule mtandao unashika mpaka upande kilimani.

"Mkwe, mwenzio ameshikwa na uchungu tangu asubuhi. Nesi anasema mtoto amekaa vibaya, apelekwe hospitali Karatu. Jirani ana pikapu imejaa maharage, wanateremsha magunia tumpakie. Au wewe uko karibu?"

Nyama ndiyo kwanza ilikuwa inawekwa mezani. Nikajibu bila hata kufikiri, "Msihangaike baba, nipo Rhotia hapa. Nakuja sasa hivi."

"Ahsante mwanangu. Basi ngoja nimwachie jirani aende zake."

Anayezijua njia za huku anajua kwamba aliye Rhotia amebakiza kukunja tu kwenda Mbulumbulu. Mimi nilikuwa bado Mto wa Mbu, chini kabisa, mlima wote uko mbele yangu. Nilijiambia nitakula haraka halafu nikimbize gari. Sikula haraka. Nilipoanza kupanda mvua ikanikuta, na barabara ya Mbulumbulu ikilowa gari linakwenda upande upande.

Nilipoingia uani nikaona wanawake wamekaa kimya, nikajua. Alikuwa mtoto wa kiume. Hakulia. Mke wangu alikuwa amelala ameelekea ukutani. Nilimbeba hadi kwenye gari, nikampeleka hospitali, yeye akapona.

Baba mkwe aliponiuliza kilichonichelewesha, mdomo wangu ukawahi tena. Nikasema gari liliniharibikia palepale Rhotia. Yule mzee akanishika mkono, akasema, "Pole mwanangu. Wewe huna kosa. Kosa ni langu mimi, nililiachia gari lililokuwa mlangoni."

Ndugu wasomaji, toka siku ile mzee amelibeba kosa hilo kama lake. Alikuwa mzee wa kanisa, akajiuzulu. Anasema hawezi tena kumshauri mtu. Na mke wangu ameamini hivyohivyo, hasemi na baba yake. Siku moja nilijaribu kumsihi amsamehe, akaniambia, "Baba aliwaambia wateremshe magunia, kisha akawaambia wayapakie tena. Nilikuwa nimelala ndani nawasikia. Usinieleze habari za baba." Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nikainama kufunga kamba za viatu.

Mzee hutuma maziwa kila anapopata mtu anayeshuka Karatu. Mke wangu hayagusi, anampa mpangaji mwenzetu. Mimi nakaa pale naangalia.

Sasa mke wangu ni mjamzito tena. Wiki hii mama mkwe alikuja, akasema mzee anataka kuja Jumapili baada ya ibada, pamoja na wazee wawili, amwombe binti yake msamaha. Mke wangu alikataa kabisa. Nikambembeleza mpaka akakubali, lakini akasema, "Nitakaa kumsikiliza kwa ajili yako tu. Wewe angalau ulihangaika kufika." Nilitoka nje nikaanza kuosha gari ambalo lilikuwa safi.

Jumapili mzee wa watu ataingia nyumbani kwangu na mimi ndiye nitakayempa kiti. Ataomba msamaha kwa kosa langu, mbele yangu. Nikisema ukweli, naogopa mke wangu ataumia na mimba hii, na najua anaweza asirudi tena kwangu. Nikinyamaza, nitakuwa nimemzika yule mzee akiwa hai.

Najua mtanitukana, na nitukaneni tu. Ila mkimaliza mnisaidie jambo moja, maana siku zimekwisha: nimwambie mke wangu kabla wageni hawajafika, au nimfuate kwanza mzee kule Mbulumbulu nimwangukie miguuni? Nianze na nani?