Mkono wa Gauni la Safi

Colette, fundi wa kushona hapa Makiso, hapendi maneno mengi. Maneno mengi niachieni mimi, ninayekaanga mikate, maandazi yetu ya hapa, kwenye baraza anaposhonea. Yeye akitaka kueleza kazi huchukua kipande cha mfuko wa simenti na mkaa, akachora. Mtu wake ni bilinganya yenye miguu, haina macho wala pua. Nilimwambia hivyo, akaendelea kuchora.

Ana sababu ya kuchora. Yeye alikuja na Kiswahili chake cha Maniema. Sadrack, fundi wa mashine ya pili, amefika juzi tu kutoka Barumbu na Lingala yake, na Lingala ya Colette ni ya kununulia samaki. Basi wanachoreana, na nguo zinatoka safi kuliko kwa mafundi wanaogombana kutwa.

Mpaka lilipokuja gauni la Safi.

Safi aliunguzwa na mafuta utotoni, mkono wa kushoto, kutoka begani hadi kwenye kiwiko. Wakwe zake watarajiwa walimletea kikwembe cha wax, kitenge cha bei, avae siku ya mahari. Aliomba jambo moja tu: mkono mrefu upande wa kushoto, kulia pabaki wazi.

"Watasema ni modeli, mtindo tu," alisema. "Hawataniuliza kitu."

Colette akachora, akampa Sadrack.

Siku moja kabla ya sherehe, asubuhi, Safi alikuja kujaribu, pamoja na shangazi yake Mwanahamisi. Alitoka nyuma ya pazia amejikumbatia. Mkono mrefu ulikuwa kulia. Kovu lote nje.

"Mama Colette, hii iko nini?" Mwanahamisi akapaza sauti. "Unashona mutu ao gunia? Kikwembe ingine haiko, nilitembea soko yote!"

Sadrack akaleta karatasi, akajikongoja kwa Kiswahili cha kuokota sokoni. "Mi nilifuata dessin, hii mchoro. Mukono iko huku, na yangu iko huku," akanyoosha mkono wake wa kulia.

Ndipo tukaelewa. Colette alimchora mtu anayetutazama. Sadrack alimwona mtu aliyempa mgongo. Bilinganya bila uso, nani angejua?

Safi hakulia. Alisema kwa sauti ndogo, "Basi nitajifunika kitambaa." Hapo ndipo paliponiuma.

"Vua," Colette akamwambia.

Akalipindua gauni, ndani likawa nje, akalitandaza mezani. Nilidhani amechanganyikiwa. Lakini wax ya kweli haina mgongo, rangi ni ileile pande zote mbili. Na gauni likipinduliwa, mkono wa kulia unakuwa wa kushoto!

"Bon, haya." Akachora tena, safari hii na pua kubwa kama ndizi, na mishale kwenye mishono ya kufumua. Sadrack akacheka, akashika wembe. Wakafumua zipu na mishono, wakashona upya upande wa pili. Mimi mikate yangu iliungua, sikujali.

Adhuhuri Safi akatoka tena. Mkono wa kushoto umefunikwa mpaka kwenye kifundo, wa kulia unang'aa.

Mwanahamisi akakaa chini puu. "Mama Colette, ulitaka kuniua."

"Shangazi, kwa kelele ile tungekufa siye kwanza," Safi akamjibu, na hata Colette akacheka.

"Haya, vua sasa, utachafua," Mwanahamisi akamwambia.

"Sivui."

"We mutoto! Na kesho?"

Safi alikuwa amekwisha kupanda nyuma ya toleka, baiskeli ya kubeba abiria, akamwambia dereva apite njia ndefu, ile ya sokoni.