Picha Isiyo na Gundi

Mteja anayeingia kwa mara ya kwanza katika duka lile la dobi hudhani amekosea kitu. Mwanamke aliye nyuma ya kaunta hamtazami usoni. Humtazama shingoni, macho yakashuka taratibu mpaka tumboni, yakatulia hapo kidogo, kisha yakahamia kwenye mikono ya shati. Wengine hujikagua haraka wakidhani wana doa la mchuzi. Wengine huona haya. Mzee mmoja aliwahi kumwuliza kama anampimia jeneza. Mwanamke hakucheka, maana hakujua kuwa ule ni mzaha. Alimjibu kwa adabu kwamba hapana, anatazama vifungo, na kwamba kile cha chini kabisa si ndugu wa wenzake.

Anaitwa Shangazi. Anaishi na kaka yake, na watoto wa kaka yake ndio walioanza kumwita hivyo. Jina likatoka nje ya mlango, likamfuata mpaka kazini, na sasa hata dobi, ambaye kwa umri angeweza kumzaa, humwita Shangazi bila kuona ajabu.

Kazi yake ni kupokea nguo kabla hazijaingia majini. Huzikagua mojamoja, akang'oa vifungo visivyostahimili maji ya moto, na nguo ikishapigwa pasi huvirudisha mahali pake. Kifungo alichokishona yeye hakining'inii wala hakibani. Chini yake huacha shingo fupi ya uzi, kisha akaizungushia uzi mwingine, ili kitambaa kipate nafasi ya kupumua. Vilivyopasuka, na vile ambavyo wenyewe hawakuvirudia, dobi humwachia. Humo ndimo starehe yake ilimozaliwa.

Alikuwa tayari na mvi za kwanza pale daktari wa kliniki alipomweleza kwamba ana usonji, na kwamba alizaliwa nao. Kaka yake, aliyemsindikiza, akauliza dawa yake ni ipi. Daktari akasema hakuna dawa kwa kuwa si ugonjwa. Ni namna akili yake inavyoupokea ulimwengu. Kaka alitoka pale amenywea. Shangazi alitoka ametulia, kama mtu aliyeambiwa kwamba viatu vilivyombana miaka yote havikuwa vya saizi yake. Kumbe ndiyo maana, alimwambia wifi yake jioni ile, mlio wa blenda humwingia mpaka kwenye meno.

Daktari huyohuyo ndiye aliyemwelekeza maktaba, ambako watu wazima wenye usonji hukutana katika chumba cha nyuma, kila mmoja na shughuli yake. Kuna fundi simu anayechora madaraja na hachori kitu kingine. Kuna karani mstaafu anayekunja ndege wa karatasi, na mama mmoja anayerekodi sauti ya mvua juu ya mabati ya kila namna. Hakuna anayelazimishwa kuongea, na anayetaka kuongelea madaraja mpaka maktaba ifungwe, ruksa. Shangazi alikwenda na makopo yake ya vifungo, akatandika kitambaa cheusi mezani, akaanza kupanga.

Anachopanga ni picha. Ile anayoipenda kuliko zote ni ya mvuke unaopanda kutoka kwenye pasi ya dobi. Ni vifungo vyeupe vitupu juu ya kitambaa cheusi, lakini kwake weupe si mmoja. Uko weupe wa maziwa, wa chumvi, wa mfupa, wa ganda la yai, na uko ule wa vifungo vya kombe la baharini, ambao hubadilika ukiinamisha kichwa. Huanza chini kwa vile vizito na vya karibukaribu, akapanda navyo vikipungua na kuachana, mpaka juu kabisa ambako hubaki kimoja kimoja, kama pumzi inayokwisha.

Tena hagundishi. Picha ikikamilika huiangalia mpaka roho yake itosheke, halafu huvikusanya vifungo, kila weupe na kopo lake. Picha zake zote zimekwisha namna hiyo, na hajapata kuisikitikia hata moja.

Mkutubi, mwanamke mchangamfu anayetembea kwa haraka hata akiwa hana pa kwenda, alipotangaza kwamba ukumbi wa maktaba utafanya maonyesho ya kazi zao, Shangazi aliandikisha jina kabla ya wote. Alitaka watu wauone mvuke wake. Jambo hilo lilimshangaza hata yeye, kwa kuwa siku zote alikuwa mtu wa kutaka watu wasimwone. Akaupanga upya nyumbani, sebuleni, juu ya ubao mpana ulioviringishiwa kitambaa. Familia nzima ikajifunza kupita kwa kunyata kama wezi katika nyumba yao wenyewe. Namna ya kuufikisha ukumbini hakuiwaza. Hilo aliliwaza kaka yake.

Kaka ni seremala, na mtu asimwelewe vibaya: anampenda dada yake kupita kiasi. Lakini kwake kitu kisichoshikana hakijaisha. Kiti kinachotikisika kidogo humnyima usingizi. Kila alipopita pale sebuleni na kuona vifungo vimekaa tu, bila kushikwa na chochote, moyo wake ulikuwa juujuu. Basi siku moja, Shangazi akiwa kazini, alikwenda karakana akarudi na kopo la gundi ya mbao na brashi nyembamba. Aliinua kifungo kimoja kimoja, akakipaka, akakirudisha palepale. Alifanya kazi ile kwa uangalifu kuliko kabati lolote alilowahi kutengeneza. Kisha akaketi kumsubiri dada yake, anatabasamu peke yake.

Shangazi alijua akiwa bado mlangoni. Harufu ilimwambia. Alikwenda moja kwa moja kwenye ubao, akagusa kifungo kwa ncha ya kidole, nacho hakikusogea. Hakupiga kelele. Aliegemea fremu ya mlango, akawa anajisukuma mbele na nyuma, mbele na nyuma, na tabasamu la kaka likaanza kuyeyuka.

Kaka akajitetea kwamba alitaka kusaidia tu. Picha ingefikaje ukumbini? Ingemwagika njiani, watu wakacheka. Na sasa inaweza kutundikwa ukutani, ikakaa milele. Alikuwa anazungumza kwa kasi, kama mtu anayejaribu kuziba tundu la bomba kwa mkono.

"Mvuke haukai milele," Shangazi alisema. "Huu umeufanya ukuta."

Akaingia chumbani kwake, akajifunika blanketi gubigubi. Wifi akamtazama mumewe. Akamwambia kwamba yeye aliyeolewa tu anajua dada mtu hagundishi, sasa kaka aliyezaliwa naye alikuwa anatazama wapi. Kaka alishika kidevu akakitazama kile kitu kizuri alichokiharibu, na bado hakuona ubaya wake uko wapi. Hilo ndilo lililomwuma zaidi.

Kulipokucha, Shangazi alikuwa uani na karai la maji ya moto. Kama mtu angedhani atakata tamaa na kufuta jina lake, hakumfahamu. Alijua kwamba gundi ile, kabla haijakomaa, hulegea kwa maji ya moto, akauzamisha ubao upande mmoja baada ya mwingine, kitambaa na vyote. Kaka akatoka na kisu chembamba, akasimama mbali kidogo, kama mgeni asiyejua kama amekaribishwa. Shangazi hakuinua uso. Baada ya muda alisukuma upande wa kaka vifungo vya plastiki, vile vigumu visivyodhurika. Vya kombe alibaki navyo mwenyewe.

Walibandua kimoja kimoja. Baadhi ya vifungo vya kombe vilikuwa vimefifia, na hivyo Shangazi alivitenga pembeni. Kilichokuwa mikononi mwake sasa kilikuwa rundo la vifungo vilivyolowa, na picha haikuwepo tena.

Ndipo kaka akauliza kwa sauti ya chini, "Sasa utawapelekea nini, mdogo wangu?"

"Vifungo," alisema. "Mvuke nitaupangia kulekule."

Alimfuata mkutubi ofisini siku hiyohiyo. Mkutubi alisikiliza, akashusha pumzi. Kadi za mwaliko zilishatoka, na zilisema kazi zimetundikwa. Watu wanakuja kuona kitu kilichokamilika. Tena kuna watoto, je, wakisukuma meza?

"Nitapanga tena."

"Na watu wakikusimamia wanakutazama? Shangazi, wewe huyu huyu uliyenikimbia nilipokupa kipaza sauti?"

Swali hilo lilimfikisha pagumu. Akavitazama vifungo vya gauni la mkutubi mpaka mkutubi akaanza kuvishika mwenyewe. Kisha akataja masharti yake, na ilionekana ameyafikiria njiani. Meza iwekwe karibu na ukuta, yeye akae upande wa ukutani, asiwepo mtu mgongoni mwake. Feni ya upande ule izimwe. Watu wasipige makofi, hata wakifurahi vipi, na mwenye swali aliandike kwenye karatasi.

"Na wakitaka kukupongeza?"

"Wakae wautazame. Hiyo inatosha."

Mkutubi alicheka, akakubali, akasema yeye mwenyewe atasimama kando ya meza awe askari wa kuzuia makofi.

Kaka alitumia wiki iliyobaki kutengeneza meza mpya, yenye ukingo mwembamba kuzunguka pande zote ili kifungo kisidondoke. Alimwonyesha dada yake mara nyingi mno, akimwuliza urefu, akimwuliza upana. Safari hii aliuliza kabla ya kufanya, na Shangazi alimjibu kila swali, hata yale aliyokwisha kuyajibu.

Asubuhi ya maonyesho walifika mapema mno. Maktaba ilikuwa bado imefungwa, na bawabu mwenye funguo hajatokea. Kupitia kioo cha mlango meza ya kaka ilionekana, tupu, ikiwa na kitambaa kipya cheusi kilichonyooshwa vizuri. Fundi simu alikuwa ameketi kwenye ngazi na madaraja yake mapajani. Watu wengine wakaanza kukusanyika, wageni kabisa, wakiwa na kadi mikononi. Wifi akamshauri akae kidogo, apumzishe miguu.

"Nikikaa nitachelewa kuinuka," Shangazi alisema, makopo yake ameyabana kifuani.

Kaka akaomba amsaidie walau kopo moja. Shangazi akafikiri. Akampa la weupe wa kombe, akamwambia alishike kwa mikono miwili. Mwisho wa barabara mtu mwenye sare alikuwa anakuja bila haraka, na Shangazi akasogea mbele ya kila mtu, akaweka kiganja chake kwenye kioo.