Unga kwenye Chumba cha Abiria

Shule mimi niliingia kwa mlango nikatokea dirishani. Mwaka wa pili mwalimu hakuniona tena. Nasema mapema ili asije mtu akaanza kunisahihisha. Nilichonacho nimekipata kwa mgongo: nilibeba magunia ya korosho bandarini Mtwara, nikanunua baiskeli, baiskeli ikazaa duka pale Magomeni ya Mtwara, duka likazaa lori. Sikurithi hata mpini wa jembe.

Mama yangu hakuona lolote katika hayo. Nilimjengea nyumba ya bati kijijini kwake Mpapura, akasema bati linampigia kelele mvua ikinyesha, akabaki kwenye makuti yake. Nilimnunulia kitanda cha chuma, akaanikia mihogo. Kwa hiyo siku niliyosema nakwenda Dar es Salaam kwa ndege, kutembea tu, na yeye akasema, "Nikatie na mimi," nusura nikae chini. Njia nzima ya kwenda kukata tiketi nilikuwa nacheka peke yangu. Nikasema, leo mama amemkubali mwanawe.

Wakati huo kulikuwa na vita ng'ambo ya mto Ruvuma. Asili yetu sisi ni huko, upande aliokuwa anatawala Mreno. Mama alivuka na mimi kwa mtumbwi nikiwa mdogo, anakimbia kazi za kulazimishwa. Mama yake mzazi alikataa kuja. Akafia huko, akazikwa huko. Kila mwaka, mtama ukishavunwa, mama yangu alikuwa anavuka na unga kwenda kumwekea marehemu kaburini, chini ya mti. Anaumimina polepole kwa vidole mpaka unasimama kama kichuguu kidogo, anataja jina, analala kwa jamaa. Asubuhi anarudi kutazama. Kichuguu kikikutwa kimesimama, chakula kimepokelewa. Kikikutwa kimeanguka, kimekataliwa.

Tulikuwa Waislamu, na shehe wetu mambo hayo hakuyapenda. Siku moja alimwambia wazi. Mama akamwuliza, "Shehe, mama yako amezikwa wapi?"

"Hapo tu, Mikindani."

"Basi wewe nyamaza."

Vita ilipoanza, kuvuka kukaisha. Wanajeshi huku, Mreno kule, na mabomu yaliyofukiwa njiani. Miaka ikapita. Mama akawa anaamka anasema amemwota mama yake amekaa na sahani tupu mapajani. Mimi nilimwambia ale vizuri kabla ya kulala, ataota mengine.

Basi tukafika kiwanja cha ndege. Mimi na suti niliyoshonewa na fundi wa sokoni, mama na kanga mpya, na kifurushi amekifunga kiunoni. Ndugu waliotusindikiza kwa lori langu kutoka Mpapura wakabaki nje kwenye jua. Sisi wenye tiketi tukaingizwa chumba cha kungojea.

Kilikuwa chumba cha maana. Viti vya mito, feni juu, kaunta ya soda na chai, kioo kikubwa unaona uwanja wote, na kwenye kona mti umepandwa ndani ya pipa lililopakwa rangi ya kijani. Nilikaa nikanyoosha miguu. Nilimwagizia mama chai ya maziwa, na wakati wa kuagiza nikapaza sauti kidogo.

Jirani yetu alikuwa bwana mmoja wa ofisini na gazeti lake. Akamtazama mama, akanitazama mimi.

"Pole, ndugu. Mgonjwa ni mama?"

"Hakuna mgonjwa."

"Oh. Msiba, basi?"

"Hakuna msiba. Tunakwenda kutembea."

"Kutembea? Kwa ndege?"

"Kwani wewe unakwenda kufanya nini?"

"Mimi nimetumwa na serikali."

"Mimi nimejituma mwenyewe."

Akarudi kwenye gazeti lake. Mhudumu wa kaunta, Mmakua mmoja mwenye koti jeupe, akageuka kwenye birika ili nisimwone anacheka. Nasema kweli, katika maisha yangu sijawahi kukaa kwenye kiti nikashiba kiti kama siku ile.

Mhudumu alipoleta chai, mama akamshika mkono.

"Baba, hebu niambie. Dirisha gani la ndege linafunguka?"

"Hayafunguki, bibi. Ukifungua, upepo utakunyofoa."

"Hata kidogo tu? Mkono upite?"

"Hata sindano haipiti, bibi yangu."

Mama akafikiri. "Sawa. Na ukitaka kuuona Ruvuma, unakaa upande upi?"

Mhudumu akanitazama mimi, kisha akamtazama yeye. "Bibi, Ruvuma hamtauona. Ndege ikiinuka inashika baharini, inakwenda kaskazini. Kusini haigeuki. Kule si kuna vita?"

Mama akaweka kikombe chini bila kunywa. Kisha akafungua kifurushi kiunoni, akatazama ndani, akafunga tena.

"Nini hicho, mama?" nikauliza.

"Unga."

"Unga? Unabeba unga kwenda Dar es Salaam? Kule watu hawali?"

"Si wa watu wa Dar es Salaam," akasema.

Hapo ndipo nikaelewa. Mama hakuja kwa ajili ya ndege yangu, wala suti, wala viti vya mito. Alidhani kitu kinachoruka hakina mpaka, kwamba tutapita juu ya ule mti, afungue dirisha, mama yake ale.

Iliniuma. Iliniuma kwa ajili yangu kwanza, nisifiche. Nikamwambia, "Basi twende tu mama, ukaone Dar es Salaam. Kuna maghorofa."

"Dar es Salaam nina nani?"

Ndege ilikuwa imeshatua. Tuliiona kwenye kioo, watu wanashuka. Mama akasimama, akauliza, "Kusini ni wapi hapa ndani?" Nikamwonyesha kwa kidole. Ilikuwa kwenye kona, ule upande wenye pipa.

Akaenda. Akavua viatu, akapiga magoti mbele ya pipa, akaanza kumimina unga chini ya ule mti, kidogo kidogo, mpaka ukasimama na ncha yake. Akamtaja mama yake kwa jina, kwa Kimakonde, kwa sauti ya kumwita mtu aliye chumba cha pili. Akamwambia, njia imefungwa, kula hapa, ndipo nilipoweza kufika. Yule bwana wa serikali alikunja gazeti lake akaliweka magotini, akainamisha kichwa.

Tukaitwa kupanda. Mama akasema, "Wewe nenda. Mimi lazima nije kutazama asubuhi."

Sikwenda. Karani wa ndege akaniambia tiketi haitarudishwa, nikamwambia aile.

Mhudumu alitufuata mpaka mlangoni. "Bibi, lala salama. Hata kwetu unga tunaujua. Mwenzangu wa asubuhi nitamwachia neno, ufagio hautafika pale."

Tulilala kwangu Magomeni, na jua lilipochomoza tulikuwa tumeshafika tena kiwanjani. Mama alikaa mbele kwenye lori. Mlango ukafunguliwa na kijana mwingine, mchangamfu.

"Karibuni! Nimeambiwa. Sikufagia kabisa pale, nimeumwagilia maji mti tu."

Tukaenda kwenye pipa. Udongo ulikuwa umelowa, na juu yake kumebaki uji mwembamba mweupe unaoingia ardhini.

"Umeanguka," mama akasema.

"Haukuanguka, mama. Si umesikia? Huyu kamwaga maji. Ni maji tu yale."

"Na kinachotuzuia kwetu ni nini, mwanangu? Si maji ya mto?"

Kijana alikuwa amesimama na kopo mkononi, haelewi kosa lake. Mama akampa pole yeye. Kisha akaomba arudishwe nyumbani, si Magomeni kwangu, nyumbani kwake Mpapura.

Tangu siku ile hakuitaja tena ng'ambo, wala sahani tupu. Hata ndoto hakunisimulia tena, na mimi nilikuwa nimeacha kuzicheka. Mtama ulivunwa, akasaga wa kula tu. Alifariki kwenye makuti yake kabla ya Mreno kuondoka. Tulimzika Mpapura.

Mto ulipofunguliwa nikavuka. Nilibeba unga wa watu wawili. Kijiji kilikuwa pori, nguzo zimeungua, na mzee niliyemkuta njiani alikuwa mgeni kama mimi. Makaburi hayakuonekana. Mimi pale niliondoka mtoto. Aliyeujua ule mti alikuwa mama peke yake, na sikuwahi kumwuliza unafananaje. Miti ilikuwa mingi.

Nikachagua mmoja, mkubwa. Nikapiga magoti na suruali yangu nzuri, nikamimina kama nilivyomwona akifanya. Vidole vyangu ni vya kubebea magunia, ncha ilinisumbua. Nikataja jina la bibi, nikataja la mama.

Kisha nikashika njia ya mtoni jioni ile ile. Asubuhi sikwenda kutazama.