Nilivyouziba mwanya wa Neema

Nimekosa, na msinitetee. Anayetaka kunitukana atukane tu, ila anisikilize kwanza.

Nafanya kazi kwenye stesheneri hapa Manyoni. Niliajiriwa kutoa kopi na kuchapa barua za watu. Fundi wetu wa dizaini alipohamia Dodoma, bosi akanigeukia: "Wewe dada, dizaini unaiweza?"

"Naiweza sana!"

Loh, mdomo huu! Hata kukata picha nilikuwa sijui.

Nikaanza kujifunza kwa video za mtandaoni, mteja kakaa pembeni ananisubiri. Nikikwama ningeweza kumpigia yule fundi, lakini nimpigie halafu anione mshamba? Thubutu! Kitu cha kwanza nilichokiweza ni kile cha kufuta madoa usoni. Jamani, kilinilevya! Chunusi, futa. Kovu, futa. Mzee mmoja alipopewa picha zake za pasipoti aliuliza kama ni za mwanawe. Mimi nikajiona nimeiva.

Ndipo Neema, rafiki yangu tangu darasa la kwanza, akaniletea kazi ya bango la sendofu yake, ile sherehe ya kumuaga bibi harusi kwao. "Nakuamini, shosti," akasema. Hakuniambia nibadilishe chochote, na mimi sikumuuliza.

Sasa Neema ana mwanya. Mwanya wa meno ya juu, mzuri huo, tulivyokuwa shule wasichana tulikuwa tunachokonoa meno kwa vijiti ili tufanane naye. Mimi nikauziba! Niliona meno yaliyobanana ndiyo ya kisasa. Akili zangu nilizipeleka wapi, sijui.

Siku ya sendofu bango likatundikwa nyuma ya kiti cha bibi harusi. Upande wa bwana harusi walitoka Sepuka, bibi yao mbele. Nikamwamkia, "Shikamoo bibi." Akaitikia marahaba macho yakiwa kwenye bango, kisha akapaza sauti: "Na huyu ni nani? Sisi tuliambiwa tunaoa mwenye mwanya!"

Ukumbi ukaangua kicheko. MC naye akadandia, akamwomba bibi harusi afungue kinywa wageni wahakikishe mali. Nami nilicheka, mjinga mie, mpaka nilipoona Neema hacheki.

Baadaye alinivuta kule kwenye masufuria. "Kumbe miaka yote uliuona kasoro, ukaninyamazia?"

"Haki ya Mungu Neema, nilikuwa najifunza tu!"

"Ukajifunzie usoni kwangu?"



Bosi hakunifukuza. Dizaini sasa naiweza kweli. Nikikwama nampigia yule fundi, ananicheka weee, halafu ananielekeza. Na uso wa mtu siugusi kabla sijamuuliza mwenyewe.

Nyie mnaojifunzia kazini, jiaminini, lakini ulizeni! Kuona aibu ya dakika moja hakuui mtu.

Neema alinisamehe, na nyumbani kwake naenda. Ila siku hizi akicheka mbele yangu, anaziba mdomo kwa mkono.